Ramadhani 14: Amekosea, au amesema uongo?



Wengi mnalikumbuka lile gauni la Februari 2015. Picha moja ilizunguka kwenye simu dunia nzima. Huyu anasema gauni ni la buluu na nyeusi, yule anaapa ni jeupe na dhahabu. Mke na mume, simu moja, na bado wanabishana!

Wataalamu walieleza hivi. Jicho halipokei rangi ya kitu peke yake, linapokea rangi iliyochanganyika na mwanga unaokiangaza. Ubongo ndio unaokisia ni mwanga gani, unautoa, kisha unakupa rangi. Sasa picha ile haikuonyesha vizuri mwanga wenyewe. Ambaye ubongo wake ulikisia gauni liko kivulini, ulipunguza ubuluu, akaona jeupe. Ambaye ubongo wake ulikisia taa ya manjano, ulipunguza umanjano, akaona buluu. Na yote haya kabla hujafikiri lolote.

Lakini tusiseme basi kila mtu na ukweli wake. Hapana. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Aliyesema jeupe alikosea. Ila hakusema uongo, alisema alichokiona.

Sahaba Adiyy bin Hatim (r.a.) aliposikia aya ya uzi mweupe na uzi mweusi, alichukua nyuzi za kweli akaziweka chini ya mto, akawa anaziangalia usiku na hazimbainikii. Mtume (s.a.w.) hakumtuhumu kwa lolote. Alimfafanulia kuwa ni giza la usiku na weupe wa alfajiri.

Mimi naandika haya nikiwa na deni. Tulipopaka rangi msikiti, tuliichagua usiku baada ya Isha, chini ya taa. Ukuta ulipokauka, mchana, nikaona rangi nyingine kabisa. Nikamwambia ndugu yetu tuliyemtuma dukani, mbele za watu, "Hii siyo tuliyokubaliana." Kila mtu alielewa nasemea pesa. Wiki iliyopita nimelikuta kopo stoo. Namba ni ile ile tuliyoichagua.

Salamu yangu anaitikia, lakini siku hizi anaswali safu ya mwisho kabisa, karibu na viatu.

Leo baada ya Tarawehe nitamfuata. Nilimsema mbele za watu, basi na radhi nitaiomba mbele za watu. Mliokuwepo siku ile, tafadhali msiwahi kuondoka.