Bunduki Isiyotoa Risasi

Ukiishi Parklands na unataka kumtoa mtoto Jumamosi, huendi mbali. Mnakula Diamond Plaza, kisha mnaingia Westlands kwenye majumba ya maduka, na humo kuna mashine za gemu: pikipiki ya kukalia, sakafu ya kudensi, bunduki za plastiki zilizofungwa kwa waya. Mpwa wangu wa miaka tisa hukimbilia bunduki. Dadangu humkataza. “Zii, hiyo hapana. Cheza ile ingine.” Ile ingine ni ya fimbo na vitufe, na ndani ya dakika tatu mtoto ameua watu kumi.

Nilimuuliza tofauti ni gani. Akaniambia, “Hiyo anaishika.”

Si jibu la ovyo. Kitufe ni kitufe. Kinaita lifti, kinawasha blenda. Bunduki ina kazi moja. Lakini ukiichunguza ile ya plastiki, haitoi chochote. Zile za zamani zilikuwa jicho tu: ukivuta kifyatulio, zinapokea mwanga wa skrini na mashine inajua ulikolenga.

Je, mkono unafundishwa ubaya? Mwaka 1980 Atari ilitoa Battlezone, gemu ya kifaru kinachoendeshwa kwa fimbo mbili, moja kwa kila mnyororo. Jeshi la Marekani likaitaka ya kufundishia wapigaji wa gari la kivita la Bradley. Ed Rotberg, aliyeitunga, alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba asipewe tena kazi ya jeshi. Kwenye toleo hilo fimbo ziliondolewa, ukawekwa usukani ulioigwa kutoka kwa Bradley yenyewe. Mwaka 1983 usukani wa aina hiyo hiyo ukatokea kwenye gemu ya Star Wars, watoto wakaushika kwa furaha, na sijawahi kusikia mtu akisema uliwaharibu. Basi umbo peke yake halimfanyi mtu muuaji. Paperboy ya 1985 ilikuwa na mikono ya baiskeli, na haikumfanya mtu yeyote kuwa muuza magazeti.

Kwa hivyo hoja ya kwamba mtoto ataharibika siikubali, ama niseme inanitosha nusu tu. Kama ni yeye tunayemhofia, ningeanza na vitufe, maana hapo anaua bila kuhisi kuwa amefanya kitu.

Lakini yuko mwingine ambaye hatumtaji. Westgate iko hapo tu. Katika shambulio lililoanza tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Waliotoka hai bado wanaishi mitaa hii. Wananunua mkate, wanawaleta wajukuu. Anayebonyeza vitufe, mpita njia haoni ila mgongo wake. Anayeinua bunduki anaonekana na kila mtu: mabega, jicho moja limefumbwa, mtutu umenyooka, ndani ya jengo la maduka, Jumamosi mchana. Mtoto hana kosa. Hata hivyo kuna mtu amesimama na kikapu chake na magoti yamelegea, na hakulipia tokeni ili aone hayo.

Sisemi mashine hizo zipigwe marufuku. Waendeshaji wazisogeze tu nyuma, zielekee ukutani, mbali na mlango na ngazi za umeme. Ni kazi ya asubuhi moja, watu wawili na kitoroli.