Kujiweka Tayari na Kumtegemea Mwenyezi Mungu

Aghlabu husikiwa watu wakisema: "Ajali ni kadari, kuiwekea akiba ni upungufu wa imani." Maneno haya yana sura ya uchaji, walakini ndani yake mna uvivu. Mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga aliamrishwa na Mtume, sala na salamu zimshukie, amfunge kwanza kisha ategemee. Na Nabii Yusuf aliweka nafaka ya Misri katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Je, Nabii Yusuf hakuwa na tegemeo? Hasha!

Wengine husema nia njema yatosha. Na waitazame ibra ya Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv. Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Ilielea kwa muda tumbo juu, na waliokuwa ndani wakasikiwa wakigonga. Waokozi wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishika meli ikatoka, nayo ikazama pamoja nao. Nia ya waokozi ilikuwa njema kabisa. Kilichokosekana ni maarifa na zana zilizotayarishwa kabla ya siku ile.

Na hospitali ni hivyo hivyo. Bugando, juu ya kilima cha Mwanza, ni kimbilio la mikoa ya ziwa. Hospitali kama ile ikiletewa majeruhi hamsini kwa saa moja, huruma peke yake haitoshi. Imepasa ijulikane mapema ni nani wa kuitwa usiku, damu ya akiba ni kiasi gani, taa zikizimika kutafanywa nini, na ni nani atakayetibiwa mwanzo.

Hili la mwisho ndilo zito. Siku ya mayowe tajiri hutaja mali yake, na jamaa hutaja ujamaa wake. Kanuni iliyowekwa siku ya utulivu humtanguliza yule ambaye roho yake iko khatarini naye aweza kuokoka, hata akiwa maskini asiyejulikana jina. Basi kujiweka tayari si hesabu ya dawa tu, ni uadilifu.

Atauliza mtu: Itakuwaje fedha ziwekewe msiba usiojulikana siku yake, na mgonjwa wa leo hana dawa? Swali hili ni la haki. Lakini kupanga, kufundisha na kufanya mazoezi hakuhitaji mali nyingi, na hao waliofundishwa humfaa mgonjwa wa leo pia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Mv. Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Baadaye kituo cha afya cha Bwisya, kisiwani humo, kilipanuliwa kwa fedha za rambirambi. Hiyo ni kheri. Walakini ni kheri iliyotanguliwa na makaburi.

Wala mtu wa pwani asidhani ziwa liko mbali naye. Mwaka 2011 Mv. Spice Islander ilizama karibu na Nungwi. Mwenye mali na atoe, mwenye afya na achangie damu, na wenye mamlaka ya hospitali na waulizwe leo, kabla maiti hazijauliza.

Na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.