Futi Elfu Moja za Mwisho

Mjukuu wangu, ujumbe wako nimeupata na picha ya mwavuli mpya nimeiona. Unasema ni wa futi za mraba 135, umeuziwa na mtu anayerudi kwao Ulaya, na kwamba Desemba, siku ya harusi ya dada yako, unataka kuruka nao hapa nyumbani na kutua katika uwanja wa shule, Karurumo, mbele ya jamaa na majirani. Mama yako ameniomba nikukataze. Nguvu za kumkataza mtu mzima zilinitoka zamani, kwa hiyo sitakukataza. Lakini nina maneno. Nimeyasema kwa vijana wengi kabla yako, wengine wakayashika na wengine wakaondoka nikiwa bado naongea, na nitayasema tena polepole. Yasome yote kabla ya kunijibu.

Usidhani naogopa anga. Nilikuwa askari wa miavuli Gilgil, katika kikosi cha 20 Para. Ndege aina ya Buffalo ilitutoa mlangoni tukiwa futi elfu moja hivi juu ya ardhi, kila mmoja na kamba yake iliyonaswa kwenye waya ndani ya ndege ili mwavuli ujifungue wenyewe. Mwavuli wetu ulikuwa wa duara. Ulituteremsha kwa mita sita au saba kila sekunde, na upepo ndio uliotuamulia pa kwenda. Kazi yako wewe ilikuwa kubana miguu na magoti pamoja, kuingiza kidevu kifuani, kisha kujiviringisha unapogusa chini: nyayo, shavu la mguu, paja, nyonga, bega. Zoezi hilo tulilifanya kutoka kwenye jukwaa la mbao asubuhi nzima, siku baada ya siku, hata tukalichukia. Wewe uliniambia kwamba siku hizi vijana hulifanya kidogo tu, kwa kuwa miavuli ya sasa inakutua umesimama kama bwana harusi. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi kwa ajili yako.

Mwavuli wako ni bawa. Tangu Mmarekani Domina Jalbert alipobuni mwaka 1964 mwavuli wenye vyumba vinavyojazwa hewa kutoka mbele, mtu aliye chini ya kitambaa amekuwa rubani. Bawa huenda mbele, hugeuka, huongeza kasi, na ukivuta breki zote mbili kwa wakati wake huinua pua na kukuweka chini kwa upole. Hiyo ni neema kubwa ambayo sisi hatukuipata. Lakini mwavuli wa duara haukuweza kukukimbiza ukutani kwa kasi ya pikipiki, na bawa linaweza.

Sasa sikiliza jambo ambalo wageni wa mchezo huu hawalielewi, na wenyeji hulisahau. Mama yako analala akiota mwavuli umekataa kufunguka. Hilo hutokea, na una mwavuli wa akiba kwa ajili yake. Tena tangu mwaka 1991, Mjerumani Helmut Cloth alipoleta kile kifaa cha CYPRES, mtu aliyezimia au aliyesahau kuvuta hufunguliwa mwavuli wa akiba na mashine. Vifo vya namna hiyo vilipungua sana. Sehemu kubwa ya wanaokufa na kuvunjika siku hizi wako chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, usio na tundu wala kamba iliyojipinda, katika futi elfu moja za mwisho. Wameshapita hatari yote ambayo mama zao waliiogopa. Bill Booth, yule Mmarekani aliyebuni katika miaka ya 1970 pete tatu zinazomwezesha mtu kuuachilia mwavuli mkuu mara moja, aliliona hilo mapema: kila vifaa vinapozidi kuwa salama, warukaji huongeza hatari wenyewe mpaka hesabu ya vifo irudi pale pale.

Mkumbuke Felix Baumgartner, yule Mwaustria. Tarehe 14 Oktoba 2012 aliruka kutoka kilomita 39 juu ya New Mexico, akaanguka kwa kasi kuliko sauti, akatua kwa miguu yake, na dunia nzima ikamwona. Julai 2025 alikufa Italia akiruka na bawa la kitambaa lenye injini, katika kimo ambacho hata ndege wadogo hukifikia. Simtaji ili kumlaumu marehemu. Namtaja kwa sababu hakuna binadamu aliyekuwa na haki zaidi yake ya kusema kwamba ameizoea hewa.

Linaloua katika futi hizo ni kona ya chini. Hili umefundishwa, najua, lakini nataka ulisikie kwa sauti ya mtu anayekupenda. Ukivuta kishikio cha upande mmoja, bawa linalala, mwili wako unarushwa nje kama jiwe la teo, na mwavuli unapiga mbizi. Ili urudi chini ya bawa lako na mbizi iishe, unahitaji kimo: futi mia na zaidi hata kwa mwavuli mtulivu, na zaidi ya hapo kwa ule mdogo ulioununua. Mtu aliye futi 80 akiona ghafla waya wa stima mbele yake, mkono wake huvuta kabla akili haijazungumza. Kwa kweli asingeguswa na waya. Anauawa na kona.

Dawa yake ipo, na ni ya mazoezi ya juu, futi elfu tatu, ambako makosa hayana gharama. Vuta breki zote mbili mpaka nusu, kisha achilia upande mmoja kidogo tu. Mwavuli utageuka ukiwa umetandazika, bila kuzama. Fanya hivyo katika kila mruko mpaka mkono wako usijue njia nyingine ya kukwepa kitu. Na ukijikuta chini sana hata kwa kona hiyo, weka bawa sawa, vuta breki, bana miguu, ujiviringishe. Kutua upepo ukiwa mgongoni kunakwangua magoti na kuchana suruali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika mchezo huu hata paja huvunjika; mwenzangu mmoja wa zamani alikaa na vyuma pajani mpaka tukamzika navyo.

Tuje kwa ukubwa wa mwavuli wako. Wewe una kilo 75, na mikanda, miavuli miwili na kofia ni kama kilo 12. Jumla kilo 87, yaani pauni 192. Chini ya ule wa 190 unaorukia sasa, kila futi ya mraba inabeba pauni moja, na hicho ndicho kipimo wanachopewa wanaoanza. Chini ya 135, kila futi inabeba pauni 1.4. Hiyo ni hatua mbili au tatu umezivuka kwa siku moja, kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya kuuza. Mwavuli huo utakwenda kasi zaidi ukiwa umenyooka, utazama zaidi ukigeuka, na dirisha la kuvuta breki litakuwa jembamba: mapema kidogo, unainuka kisha unadondoka, kuchelewa kidogo, unapiga chini kwa kasi yote.

Umeniambia kwamba umekunja miavuli ya namna hiyo mingi kuliko unavyoweza kuhesabu, huko Diani, na unaijua kila mshono. Naamini. Kazi ya mkunjaji ni ya heshima, tena ni ya jasho: kupiga magoti juu ya turubai kutwa nzima, kupanga mikunjo, kusukuma kile kitambaa cha kati mpaka juu ya kamba, kubana hewa kwa kifua, kulipwa kwa kila mwavuli, na kujua kwamba uhai wa mtu uko katika utulivu wa vidole vyako. Lakini hakuna mwenye pikapu ya muguka anayemkabidhi utingo usukani wa safari ya Mombasa kwa sababu ameketi kando ya dereva kwa muda mrefu. Kukunja bawa na kulirusha ni elimu mbili.

Najua pia kinachokusukuma, maana hata sisi kambini tulikuwa nacho. Jioni mnapoketi, wanaozungumzwa ni waliotua kwa mbwembwe, waliopita juu ya mchanga kwa kasi huku simu zikiwarekodi. Aliyepanga njia yake vizuri, akaingia futi 1,000 upepo ukiwa nyuma, akakata kona ya kwanza futi 600, ya pili futi 300, akaja taratibu na kusimama, hakuna anayemnunulia soda. Na anayeona kwamba hafiki uwanjani, akatua mbali katika shamba la mtu na kurudi kwa miguu amebeba kitambaa begani, huyo hufanyiwa mzaha mpaka usiku. Mimi ningemlisha huyo nyama. Ameamua akiwa juu, akiwa bado na kimo cha kuamulia, na hiyo ndiyo akili yote ya rubani. Usikubali vijana wenzako wakutie aibu kwa kutembea.

Sasa Karurumo yenyewe. Diani unarukia usawa wa bahari, upepo wa Kusi au Kaskazi unatoka majini umenyooka, na ufuo ni mrefu. Hapa kwetu tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na saa nane mchana, jua likichoma, huwa nyepesi zaidi. Bawa hujibu kwa kwenda kasi zaidi kuliko ulivyozoea, huku kipimo cha upepo na macho yako vikikuambia kwamba kila kitu ni kama kawaida. Ule wa 135 utakuwa mkali hapa kuliko ulivyo pwani.

Na vifaa vyako havijui umehama. Kipimo cha kimo kilichowekwa sifuri Diani kitasoma zaidi ya futi elfu tatu ukiwa umesimama mbele ya maduka yetu. Kile kifaa cha kukufungulia mwavuli wa akiba, kama kimewashwa kwa ardhi ya pwani bila kurekebishwa, kitaamini kwamba bado uko juu sana, na kitanyamaza mpaka mwisho. Utasema ndege itapaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson. Sawa, lakini Wilson iko juu kuliko hapa, na kosa linageuka upande wa pili: kifaa kitakuona uko chini wakati bado una kimo. Kwa vyovyote vile, lazima mtu mwenye ujuzi akae na ramani, atoe tofauti ya vimo viwili, na aiingize kwenye kila kifaa kabla ya injini kuwashwa. Na lazima kuwe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Chifu hawezi kukupa hicho, hata kama ni rafiki yangu.

Nimekwenda kuutazama ule uwanja nikifikiria hewa. Una urefu wa mita mia hivi. Upande unakotoka upepo wa mchana kuna ule mstari wa miti ya mikima iliyopandwa na wazee wa kamati, nayo sasa ina mita 15. Hewa inayopita juu ya kizuizi huchafuka nyuma yake kwa umbali wa mara kumi hadi ishirini ya urefu wake. Piga hesabu: mita 150 hadi 300. Yaani uwanja mzima, kutoka goli hadi goli, umo ndani ya hewa iliyochafuka, na bawa la kitambaa likipita humo linaweza kupoteza pumzi upande mmoja ukiwa kwenye kimo cha paa la nyumba. Upande wa pili kuna nguzo za stima na transfoma. Na uwanjani, siku ya harusi, kutakuwa na mahema, magari, na watoto. Watoto ndio wanaonitia hofu zaidi. Wakiona mtu anashuka kutoka mbinguni hawakimbii kutoka njiani, wanakimbia kuja kwake. Utawakwepaje? Kwa kona. Nasi tumekwisha kuizungumza kona.

Kwa hiyo fanya hivi, kama moyo wako hautatulia bila kuruka mbele ya watu wako. Ule wa 135 uuze, au umwekee mwenye mwili mdogo. Endelea na 190 mpaka uweze kutua ndani ya duara dogo kila mara, upepo wa kulia, wa kushoto na wa mgongoni, na mwalimu wako aseme imetosha. Kisha uende 170, si zaidi. Harusi ya Desemba iache iwe ya dada yako. Mwaka ujao, tukipata kibali, tutafute ardhi pana kule chini Mbeere, ambako miti ni mifupi na majirani wanaweza kusimama mbali nyuma ya kamba. Asubuhi na mapema, kabla jua halijachemsha hewa. Nitagharimia matatu mbili za kuwapeleka wazee, na mimi mwenyewe nitasimama na mfuko wa upepo.

Mama yako nitamweleza mwenyewe, kesho, akirudi kutoka kiwanda cha kahawa. Wewe nipigie Jumapili alasiri, nikiwa nimetoka kanisani, uniambie mwavuli umeuwekea bei gani.