Adhabu Nzito, Kosa Halijulikani

Ukitaka kusikia sheria kali, usipande Kimihurura liliko Bunge la Rwanda. Nenda Kimisagara, uketi kwenye kibanda chochote cha chai upande wa kuteremkia Nyabugogo, kisha uulize: jangili aliyeua sokwe wa milimani afanywe nini? Atafungwa maisha kabla chai yako haijapoa, na atakayesema miaka 10 yatosha ataulizwa kama ana undugu naye.

Wabunge nao hupandwa na jazba hiyohiyo. Yaliyowafika Wakenya yanafaa kusimuliwa hapa.

Chini ya sheria yao ya wanyamapori ya 1976, faini ilikuwa ndogo mno: shilingi 40,000, pesa ambayo mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliweza kuilipa asubuhi na mchana akarudi kazini. Shirika la WildlifeDirect lilipopekua majalada ya mahakama ya kuanzia 2008 hadi katikati ya 2013, liligundua kwamba kati ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya ndovu na faru, ni asilimia 4 tu waliofungwa. Hasira ya wananchi ilikuwa na haki yake.

Mei 2013 mbunge wa North Horr, Chachu Ganya, alipeleka bungeni hoja ya dharura ya kuongeza adhabu. Zikatajwa faini ya shilingi milioni 10 na kifungo cha miaka 15. Bei ikazidi kupanda kama mnadani, na sheria mpya ilipoanza kutumika Januari 2014, kifungu cha 92 kilisema faini isiyopungua milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Watu wakashangilia.

Wachache walikisoma kifungu chenyewe. Kilimwadhibu mtu atakayetenda kosa kuhusu mnyama aliye hatarini kutoweka, au kuhusu nyara yake. Kosa gani? Kuua, kuuza, kusafirisha, au kukutwa na kipande cha pembe chini ya kitanda? Hakikusema. Na kifungu cha 95 cha sheria hiyohiyo kiliwahusu wanaokutwa na nyara, kikaweka faini isiyopungua milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka mitano. Pembe ileile, basi, ingeweza kumgharimu mtu milioni 1 au milioni 20. Mwezi huohuo wa Januari, Mchina aliyekamatwa uwanja wa ndege wa Nairobi na pembe ya kilo 3.4 akakiri kosa, akatozwa milioni 20 au miaka saba jela. Mwenye wakili mzuri angebishania kifungu kwanza.

Mei 2018, waziri Najib Balala alisema kifungo cha maisha hakitishi, akataka adhabu ya kifo. Miezi mitatu baadaye, Mahakama Kuu ya Mombasa ilimwachia huru Feisal Mohamed Ali, aliyekuwa amehukumiwa miaka 20 na faini ya milioni 20 kwa pembe za zaidi ya tani 2. Hapo lawama si ya kifungu cha 92. Ushahidi ndio ulikuwa na mapengo. Lakini hata kitanzi kisingeyaziba. Kifungu kikaja kuandikwa upya mwishoni mwa mwaka huo.

Rwanda nayo ina kisa chake, na hakikuhitaji gereza. Umusambi, yule korongo mwenye taji, analindwa na sheria, lakini kwa miaka mingi alikuwa pambo la bustani za hoteli na za matajiri wa Kigali, mabawa yamekatwa. Adhabu ilimfanya mwenye bustani anyamaze, maana kumtaja ndege wake kulikuwa kujishtaki. Kuanzia 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake, wakishirikiana na serikali, walitangaza kwamba atakayemwandikisha ndege wake hatashtakiwa. Watu wakajitokeza. Ndege zaidi ya 200 walitolewa majumbani. Wenye nguvu wakapelekwa hifadhi ya Akagera, na wasioweza tena kuruka wakatengewa makao yao, Umusambi Village. Sensa ya 2017 ilihesabu korongo 487 nchini. Ya 2021 ilihesabu 881.

Msamaha huo, bila shaka, haumfai kila mtu. Mwenye tani 2 za pembe hakuwa akipamba bustani.