Mgeni wa Nani?

Kiswahili kimemtia mgeni wa kukirimiwa na mtu asiyejulikana katika neno moja, wala hakikufanya hivyo kwa umaskini wa maneno. Abishaye hodi hajulikani mpaka aitikiwe. Akishaitikiwa, jina lake halibadiliki, bali hali yake: sasa ana haki ya maji, ya mkeka na ya usiku mmoja wa kulala kwa amani. Haki hiyo haitoki kwake yeye aliyebisha, hutoka kwa aliyesema karibu. Ndiyo maana wazee wa pwani, wamwonapo mtu asiyejulikana mtaani, hawamwulizi amekuja kutazama nini. Humwuliza, wewe mgeni wa nani?

Katika mitaa ya Mji Mkongwe au Lamu swali hili lina jibu, hata kama jibu lenyewe siku hizi ni jina la hoteli. Likipelekwa bara ya mbali, Mpanda na nchi inayouzunguka mji huo, huwa zito ghafla. Mkoa wa Katavi ni mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Nchi yenyewe ni kongwe: misitu ya miombo isiyokwisha, mizinga ya nyuki juu ya miti, mbuga zinazofurika masika na kupasuka kiangazi, na upande wa magharibi Ziwa Tanganyika na migebuka yake. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe wana makaburi humo. Mtalii afikaye huko kwa kawaida hakufuata makaburi. Amefuata viboko wa mto Katuma, ambao mwisho wa kiangazi hulaliana kwa mamia katika vidimbwi vya matope, kwa kuwa maji mengine yote yamekauka.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa 1974, ikapanuliwa 1998, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Wageni wake ni wachache mno ukiilinganisha na Serengeti, na waiuzao husifu jambo hilo kuliko yote: pori tupu, hakuna mtu. Hapo ndipo panapostahili kusimama. Jina la hifadhi ni la mtu. Katabi, kwa simulizi za wenyeji, alikuwa mwindaji hodari, na mzimu wake unakaa katika mkwaju kandokando ya Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti huo na kuomba baraka. Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa hili. Mwenye kuamini na asiyeamini wote wanajua kwamba mahali pa mzimu hapaingiwi kama sokoni.

Basi mtalii aingiapo pale ni mgeni wa nani? Aliyempokea ni karani wa getini, na alichompa ni stakabadhi. Stakabadhi si kitu kibaya. Hulipa mishahara ya askari wa wanyama, na bila askari hao huenda pasingebaki tembo wa kutazamwa. Lakini stakabadhi haijibu hodi. Ajabu iliyopo ni kwamba hata mjukuu wa waliokuwa wakitambika chini ya mkwaju ule sasa naye hupita mlango huo huo kwa ruhusa, kwani sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kuishi ndani. Wala hilo halikuanza na hifadhi. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa nchi hizi katika makazi maalumu kwa hoja ya kuwaepusha na malale, na pori pamoja na ndorobo wake vikajitanua pale palipokuwa na mashamba. Utupu unaosifiwa, kwa sehemu, umetengenezwa.

Haifai mtu wa pwani ajitoe katika hesabu hii. Kiswahili kinachomwezesha kuagiza chai Mpanda bila mkalimani kilimtangulia huko pamoja na misafara ya pembe, na misafara hiyo haikurudi na pembe peke yake. Nao Wazungu walipofika hawakusubiri kukaribishwa. Karema, penye ufuko wa ziwa, Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold walijenga ngome 1879, na 1885 wakawaachia mapadri wa White Fathers. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, ikaanza kujengwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi haukudumu, miaka ya 1960 haukuwa na kazi tena. Reli ikabaki, na abiria wakairithi.

Katika ngome ile ya Karema, hata hivyo, aliishi mtu anayeivuruga hukumu rahisi. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa utabibu Malta, na 1889 akafika Karema. Akaoa hapo, akatibu hapo, akafariki 1956. Hakuna aliyemwalika. Lakini baada ya miaka sitini na saba ya kufunga vidonda vya watu, ni nani angethubutu kumwuliza yu mgeni wa nani?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu msemo huu hutajwa kwa mzaha, kumkumbusha mgeni kwamba wali umekwisha. Maana yake ya ndani ni kubwa zaidi: jembe si adhabu, ni mlango. Apewaye jembe amepewa sehemu ya ardhi na sehemu ya taabu, na mwenye sehemu ya taabu ya nyumba si mgeni tena. Katavi msemo huu ulitimizwa neno kwa neno. Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 waliwekwa Katumba, na kuanzia 1978 Mishamo pia. Hawakupewa mahema ya kungojea. Walipewa pori, mbegu na majembe. Wakafyeka, wakalima, wakajilisha, wakawauzia na majirani chakula. Watoto wao wakazaliwa katika udongo huo na kusoma kwa Kiswahili.

Miaka thelathini na mitano baadaye, 2007, wakaulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi waliomba uraia. Pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, waliokubaliwa ni watu wapatao 162,000. Tendo hilo ni miongoni mwa makubwa ambayo nchi yoyote imewahi kuwatendea wakimbizi, na lisipunguzwe. Lakini lilikuwa na sharti: raia wapya wahame makazi yale, watawanywe mikoani. Yaani mgeni apewe nyumba, ila si ile aliyoijenga. Miaka ikapita bila vyeti, mashamba yakilimwa kwa mashaka, mpaka mpango wa kuwahamisha ukaachwa na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Aliyebuni sharti lile alijua sheria ya uraia; maana ya jembe hakuijua.

Na majembe hayajatulia. Wafugaji wa Kisukuma wameingia na ng'ombe wao. Wakulima wa mpunga, juu ya mto Katuma, huchepusha maji kabla hayajafika hifadhini, na huko chini vidimbwi vya viboko huzidi kuwa vidogo. Mtalii akitazama wanyama wale wakigombania tope hupiga picha na kusema maumbile ni makatili. Sehemu ya ukatili ule ni sahani ya wali wa mtu mwingine, na huenda ni ile ile aliyoila yeye mchana, Sitalike, kabla ya kuvuka daraja. Mpunga una madai juu ya mto. Kiboko naye anayo. Yeye amelipa kuliko wote, na zamu ya maji ikigawanywa hana hata ndoo moja ya kudai, kwani siku ya tatu atakuwa amekwishaondoka.