Ua Lisilozaa Lina Kazi Gani?

Wako watu waulizao: kitu kisicholiwa, wala kisichouzwa, wala kisichoponya, chastahili jasho la mkulima? Twapenda kulijibu swali hili kwa habari ya ua moja, kisha tuone kama latuhusu sisi wenyewe.

Katika milima ya Japani, kando ya vijito penye kivuli, huota kichaka kiitwacho tamaajisai, cha jamii ya haidrenjia. Daktari mmoja Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, aliyefika Nagasaki mwaka 1823, ndiye aliyekitangaza kwa wataalamu mwaka 1829. Haidrenjia zilizo nyingi katika bustani za huko huchanua mwezi wa Juni, wakati wa mvua. Lakini kichaka hiki hungoja. Chipukizi la ua lake ni la mviringo kama tufe, nalo hufunguka mnamo Julai na Agosti, maua ya wenzake yakiwa yamekwisha kunyauka. Mwenye kukipanda hukitafutia kivuli chepesi, huchanganya udongo na majani yaliyooza, wala hauachi ukakauka, maana majani yake mapana hulegea upesi.

Tuliangalie ua hilo. Katikati mna maua madogo mengi, rangi ya zambarau. Pembeni yamezunguka machache makubwa, meupe. Apitaye huyasifu yale makubwa. Walakini hayo hayazai mbegu. Yazaayo ni yale madogo. Je, makubwa ni ya bure? La. Weupe wake huonekana toka mbali katika giza la msitu, na wadudu huvutwa. Wakifika hula unga wa maua madogo, wakiuchukua toka ua hata ua, nazo mbegu hushika. Basi uzuri huo una kazi, ijapokuwa hauliwi.

Lakini watunza bustani, kwa kupenda pambo, wamechagua haidrenjia nyingine ambazo kichwa kizima ni maua makubwa karibu matupu. Zapendeza mno, ila mdudu akizijia hapati kitu kingi, na kwa kawaida huongezwa kwa kupanda vipande vya matawi. Hatuzilaumu, maana ua halikujichagulia umbo lake, tena hufurahisha macho ya mgonjwa aliyeketi kivulini.

Mwanadamu, yeye huchagua. Mwenye elimu, au mali, au jina kubwa, ndiye asalimiwaye kwanza barazani. Heshima hiyo si kosa. Lipasalo kuulizwa ni hili: wanaomjia kwa ajili ya jina lake, yeye awapeleka kwa nani? Ikiwa kwa sababu yake neno la mjane limesikiwa na wazee, weupe wake umefanya kazi. Ikiwa wote wamjiao huishia kumtazama yeye tu, basi amekuwa kichwa kisicho na mbegu; wala yeye hawezi kusema ya kuwa mtunza bustani ndiye aliyemfanya hivyo.