Kabla Hujawahukumu Watu

Mjukuu wangu, kaa kwanza. Nimechoka, na maneno haya nimeshamwambia baba yako na wajomba zako, lakini wewe hujayasikia, basi nitayarudia.

Umerudi kutoka stendi umefura. Mama muuza maandazi kajikwaa, beseni limepinduka, maandazi yametapakaa matopeni, na watu wakampita. Mmoja akakanyaga andazi huku akiikimbilia daladala. Unasema watu wa siku hizi hawana utu. Hasira yako naielewa. Hukumu yako ndiyo yenye haraka.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti walioufanya Princeton, Marekani. Waliwachukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia, wakawatuma jengo la pili wakatoe hotuba fupi. Wengine juu ya mfano wa Msamaria Mwema, wengine juu ya ajira. Uchochoroni wakamweka mtu mlangoni, kainamisha kichwa, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa wana nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa na wanasubiriwa, asilimia 10 tu. Kwenda kumhubiri Msamaria hakukuleta tofauti kubwa. Wako waliomruka yule mtu na hotuba hiyo kichwani.

Waliompita hawakuwa na mioyo ya mawe. Watafiti waliwaona baadhi yao wakifika wamejaa wasiwasi. Huku mgonjwa, kule mtu anayewangoja. Wakabanwa kati ya wajibu na wajibu, na haraka ikaamua.

Ndivyo tulivyo, mjukuu wangu. Njaa hutugeuza, deni hutugeuza, hofu ya bosi hutugeuza. Kijana mpole nyumbani, mtie katikati ya kundi lenye hasira, hutamtambua. Kwa hiyo ukimwona mtu kakosea, usikimbilie kuupima moyo wake; tazama kwanza kilichombana. Sisemi asilaumiwe, maana hata miongoni mwa waliochelewa wapo waliosimama. Nasema ukikijua kilichombana, utajua pa kumshika asirudie.

Wewe leo uliinama ukamwokotea yule mama, Mungu akubariki. Lakini leo ni Jumapili, huna pa kuwahi. Jumatatu asubuhi, umechelewa kibaruani na gari ndilo hilo linaondoka, ungeinama? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe.

Basi usiutegemee wema wako mtupu, uwekee nafasi. Toka nyumbani mapema. Chagua wa kufuatana nao. Neno zito usilitamke na njaa wala na hasira. Na siku ukipewa watu wa kuwaongoza, usiwakimbize mpaka wakose muda wa kumwinua aliyeanguka. Wakimpita, kosa litakuwa lao, na lako pia.